Kifungo na Tuzo: Habari za Abdilatif Abdalla

Ukitoka kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa, ewe msomaji kijana, nchi ya kwanza ya bara unayokutana nayo ni Changamwe. Hapo hupita barabara kuu iendayo Nairobi, na hapo hupita reli ya zamani iliyoanza kujengwa mwaka 1896. Hapo pia palikuwa na mitambo ya kusafishia mafuta, iliyofanya kazi tangu mwaka 1963 hata mwaka 2013. Wakazi wake ni watu wa asili nyingi. Baba wa huyu alikuja kupakua meli bandarini, babu wa yule alikuja kufanya kazi ya reli, na mama wa mwingine alikuja kuuza mboga sokoni akakaa moja kwa moja. Katika upande huo ndipo ninapofundisha, na katika darasa moja la upande huo ndipo yalipozaliwa maswali mawili yaliyonifanya niandike insha hii.

Siku hiyo nilikuwa nawaeleza wanafunzi habari za diwani iitwayo Sauti ya Dhiki. Niliwaambia kwamba mtungaji wake, Abdilatif Abdalla, aliitunga akiwa kifungoni kwa kosa la kuandika maneno ambayo serikali ya Rais Jomo Kenyatta iliyaona kuwa ya uchochezi. Na kwamba baada ya kufunguliwa, kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Nilitaja mambo hayo mawili kwa pumzi moja, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa dukani, nikageuka kuandika ubaoni. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akasema, "Samahani, mwalimu. Ikiwa alifungwa kwa sababu ya maneno yake, mbona tena alituzwa kwa maneno yake, na kwa jina la yule yule?" Nikamjibu kwamba dunia hubadilika. Jibu hilo halikumtosha, na nikiwa mkweli hata mimi halikunitosha. Kabla sijajikusanya, msichana mmoja akaongeza lake: "Na Kiswahili hiki, mwalimu, ni chetu sisi au ni cha watu wa Mji wa Kale?"

Niliomba muda. Mwalimu kuomba muda mbele ya wanafunzi wake si jambo tamu, lakini ni afadhali kuliko kujibu la uongo.

Abdilatif Abdalla alizaliwa mtaa wa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, mwaka 1946. Hakulelewa na wazazi wake tu. Mlezi wake mkubwa alikuwa nduguye babu yake, Ahmad Basheikh bin Hussein, aliyekuwa mwalimu na mshairi, na mtoto alimfuata mzee huyo mahali alipokuwa akifundisha, Faza na Takaungu. Fikiri, msomaji, maana ya malezi hayo. Mtoto aliyekua katika nyumba ya namna hiyo hakufundishwa ushairi kama sisi tunavyofundishwa, yaani kwa kuhesabu mizani ubaoni na kupiga mstari chini ya vina. Aliusikia kwanza kwa masikio. Aliwasikia watu wazima wakipelekeana mashairi kama watu wengine wapelekeanavyo salamu. Swali likaja kwa beti, na jibu likarudi kwa beti za bahari ile ile na vina vile vile. Ndugu zake nao walikuwa watu wa lugha. Ahmad Nassir Juma Bhalo alikuja kuwa mmoja wa malenga wakubwa wa Mombasa, na mashairi yake yalipigwa chapa Marekani mwaka 1966 kabla ya diwani yake, Malenga wa Mvita, kutoka mwaka 1971. Sheikh Abdilahi Nassir alikuwa mwanachuoni na mwanasiasa, na kwa miaka mingi alishughulika na uhariri na uchapishaji wa vitabu.

Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na mji mzima wenye mazoea ya kusema mambo ya utawala kwa mashairi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 aliishi Mombasa mshairi Muyaka bin Haji. Zama hizo Mazrui walikuwa wakiutawala mji, na Seyyid Said wa Oman alikuwa akitaka kuutwaa, mpaka akautwaa mwaka 1837. Muyaka alitunga katika vita hivyo vya maneno. Aliwasifu watawala wake walipostahili na kuwachoma walipolegea, na mara nyingi alisema kwa fumbo, hata msikilizaji asiyejua mambo ya mji akadhani anazungumza habari za chombo kilichovunjika au mwanamke aliyeudhi. Wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuutia sokoni, yaani aliufanya uchukue mambo ya kila siku ya watu, ulipokuwa kabla yake ukichukua zaidi mambo ya dini. Nataja habari hizi ili usije ukadhani, kama wengine wanavyodhani, kwamba mshairi kuikosoa serikali ni mtindo uliokuja na vyama vya siasa.

Sasa na tufike mwaka 1968. Kenya ilikuwa na umri wa miaka 5 katika uhuru wake. Miaka miwili nyuma, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa amejitoa katika chama cha KANU na kuunda chama cha upinzani, KPU, akidai kwamba matunda ya uhuru yanaliwa na wachache. Mwezi wa Agosti mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya. Wagombea wa KPU walikataliwa kwa madai kwamba karatasi zao za kuombea hazikujazwa sawasawa, na wale wa KANU wakapita bila kupingwa. Hebu lipime jambo hilo, msomaji. Nchi nzima, chama kizima, na hakuna hata mmoja aliyejua kujaza karatasi!

Wakati huo Abdilatif alikuwa kijana wa miaka 22, akifanya kazi ya hesabu katika baraza la mji wa Mombasa. Mchana aliketi mbele ya daftari za serikali ya mji. Usiku alikuwa pamoja na wenzake wakiandika na kusambaza kwa siri vikaratasi vya kuikosoa serikali. Walijiita Wasiotosheka. Mwezi wa Novemba kilitoka kijitabu chenye jina lililokuwa swali: Kenya: Twendapi? Ndani yake serikali ililaumiwa kwa kugeuka kuwa ya kuwaonea watu na kuwafungia wapinzani njia za haki. Mwezi wa Disemba kijana akakamatwa, na mwezi wa Machi 1969 akahukumiwa kwenda jela miaka 3 kwa uchochezi.

Alichukuliwa hadi gereza la Kamiti, karibu na Nairobi. Kutoka kwetu Changamwe hadi Nairobi ni mwendo wa kilomita 480 hivi kwa barabara, na kwa mtu wa pwani aliyezoea upepo wa bahari, baridi ya huko pekee ni adhabu. Lakini iliyokuwa adhabu zaidi ni upweke. Alitengwa na wafungwa wengine, akakaa chumba cha peke yake. Mambo makubwa yakapita nje bila yeye kuwamo: Tom Mboya aliuawa mwezi wa Julai 1969, na mwezi wa Oktoba chama cha KPU kikapigwa marufuku. Chama alichokitetea kikafa naye yungali ndani. Mwaka 1971, utenzi wake juu ya maisha ya Adamu na Hawaa ulichapishwa, na hapo ikawa kitabu ki huru madukani na mwenye kitabu yuko nyuma ya vyuma.

Mfungwa wa namna hiyo hakuwa na ruhusa ya kuandika atakavyo. Alichokuwa nacho ni karatasi za chooni, basi akaandika juu ya karatasi za chooni. Tungo hizo zikatolewa nje kwa siri. Miaka michache baadaye, katika gereza hilo hilo, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini tangu mwisho wa mwaka 1977 mpaka Disemba 1978, naye aliandika riwaya kwenye karatasi za namna ile ile. Wanafunzi wangu hucheka wanaposikia habari ya karatasi hizo, nami huwaacha wacheke. Kisha huwauliza ni nani kati yao aliyeacha kuandika insha wiki iliyopita kwa sababu daftari liliisha.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa mazingira hayo yaliathiri umbo la kazi yenyewe. Shairi la Kiswahili la kimapokeo lina mizani na vina, na wengi wa vijana huviona kama pingu. Lakini kwa mtu aliye peke yake, asiye na hakika kwamba karatasi yake itamfikia msomaji, pingu hizo ni kamba ya kufungia mzigo usianguke njiani. Ubeti wenye vina na mizani hukaa kichwani. Neno moja likipotea, mwenye kuukariri hujua kwamba limepotea, kwa maana mizani hupungua. Babu zetu waliutumia ushairi kuhifadhi historia na sheria kwa sababu hiyo hiyo.

Abdilatif alifunguliwa mwezi wa Machi 1972 baada ya kutimiza miaka yake 3. Mwaka 1973 tungo zile zilipigwa chapa na tawi la Oxford la Nairobi kwa jina la Sauti ya Dhiki. Jina lenyewe lasema wazi mahali sauti ilipotokea, lakini mashairi yaliyomo si ya kulia tu. Mna shairi la mamba anayejivuna mtoni. Mna shairi la kibarua aliyeitolea jasho lake mimea mpaka ikastawi, na wakati wa mavuno akanyimwa haki yake. Mna moja ambamo mtoto aliye bado tumboni husihi asiuawe, kama kwamba mshairi asiyeweza kuwaona watu alitaka azungumze na asiyezaliwa. Tena mna shairi la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombania mnazi, mmoja yu juu na mwenziwe yu chini, kila mmoja akidai kwamba ana haki nao. Wasomaji wengi wameufasiri mnazi huo kuwa ndiyo Kenya. Mshairi hakuandika pembeni kwamba mnazi ni nchi, naye asingeweza kufanya hivyo mahali alipokuwa. Alimwachia msomaji kazi hiyo, kama Muyaka alivyowaachia watu wa mji wake.

Mimi binafsi hupenda zaidi mashairi yake yenye ukaidi, yale ambayo mfungwa anatangaza kwamba hajajuta, na kwamba lile aliloshika angali amelishika. Ni rahisi kusema hivyo mtu akiwa nje. Yeye alilisema ilhali ufunguo uko kwa wengine, na kila siku ya kifungo chake ilikuwa kama ombi kwamba aseme kinyume.

Mwaka 1974 Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ilitolewa kwa mara ya kwanza. Kwa Kiingereza ilikwenda kwa Meja Mwangi kwa riwaya yake Kill Me Quick, inayosimulia habari za vijana wenye elimu wanaohangaika mitaani bila kazi. Kwa Kiswahili ilikwenda kwa Abdilatif Abdalla kwa Sauti ya Dhiki.

Sasa naweza kumjibu yule kijana aliyeketi nyuma. Kwanza, tuzo ile ilibeba jina la Rais, lakini haikutoka katika mkono wa Rais. Iliendeshwa na wachapishaji wa vitabu, na kazi ya waamuzi ilikuwa kusoma na kupima vitabu, si kupima utii wa watungaji. Mahakama ilisoma kijitabu kwa jicho la sheria ya uchochezi. Waamuzi wa tuzo walisoma diwani kwa jicho la fasihi. Ni nchi moja, lakini ina milango zaidi ya mmoja, na mtu aliyefungiwa huu yamkini akapitia ule. Pili, na hili ndilo nililolisahau siku ile darasani, dunia niliyosema hubadilika haikuwa imebadilika hata kidogo. Mwaka 1974 Rais alikuwa yule yule, sheria ya uchochezi ilikuwa ile ile, na hukumu ya mwaka 1969 haikufutwa na tuzo. Wala mshairi hakubadilika. Kijitabu na diwani vilitoka katika moyo mmoja. Kilichobadilika ni namna ya kusema. Kijitabu kilisema wazi, nacho kikamfunga. Diwani ilisema kwa fumbo na kwa usanii, na hata wale wasiopenda yaliyomo hawakuweza kukana kwamba imesemwa vizuri. Usije ukatoka hapo, kijana wangu, ukaona kwamba kijitabu kilikuwa kosa. Mwenye kuandika wazi alijua hatari yake, na pengine bila ya ushujaa wa kijitabu kile fumbo la diwani lisingekuwa na uzito.

Huenda ukauliza tena, basi mbona alipokea? Aliyetuzwa ni mwandishi kwa kitabu chake, na kitabu kilikuwa na haki. Mimi ningaliona ajabu zaidi kama asingepokea.

Tuje kwenye swali la yule msichana, ambalo ni gumu kuliko la kwanza. Ukiifungua Sauti ya Dhiki kwa mara ya kwanza utakutana na "moya" mahali unapotazamia "moja", "mato" kwa macho, "nti" kwa nchi. Hicho ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Wewe uliyekulia Changamwe, na uliyejifunza Kiswahili sanifu shuleni, unaweza kudhani kwamba umekosea kitabu. Lakini jua kwamba kulikuwa na wakati ambapo Kimvita kilikaribia kuwa ndicho sanifu. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa kuchagua lahaja moja itakayofundishwa shuleni katika nchi za Afrika Mashariki. Kiunguja kilichaguliwa na Kimvita kikaachwa, ingawa kilikuwa na hazina ya mashairi ya miaka mingi. Na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Hapa hapa Mombasa. Lugha ya mji ilishindwa nyumbani kwake.

Basi mtu anayetunga kwa Kimvita miaka 40 baadaye hatungi kwa kutojua sanifu. Abdilatif alikijua Kiswahili sanifu barabara, na baadaye alikuwa akilipwa mshahara kwa kukijua. Kule Kamiti, mahali ambapo kila kitu chake kilikuwa kimechukuliwa, alitunga kwa lugha ya nyumba ya Ahmad Basheikh. Hiyo ilikuwa mali ambayo askari hawezi kuipekua. Na ilipokuja tuzo ya kwanza ya taifa, ilimwendea mtu aliyeandika kwa lahaja ambayo shule zilikuwa zimeikataa.

Lakini je, lugha hiyo ni yetu sisi wa Changamwe? Nitakujibu kwa mambo mawili. La kwanza ni hili: jina la Changamwe ni la zamani katika historia ya Mombasa. Waswahili wa Mombasa hujihesabu kuwa Miji Thenashara, yaani mataifa 12. Tisa kati yao huitwa Tissa Taifa, na matatu huitwa Thelatha Taifa, nayo ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kwa hiyo kabla ya reli na kabla ya mitambo ya mafuta, walikuwako watu walioitwa kwa jina la mahali hapa, wakiwa na neno lao katika mambo ya mji. La pili ni habari za Shihabuddin Chiraghdin. Mtu huyu alizaliwa Mombasa mwaka 1934, na asili ya ukoo wake ni Bara Hindi. Alikuwa mwalimu kama mimi, ila mimi sifiki hata kwenye kivuli chake. Alikijua Kiswahili cha Mombasa na mashairi yake kiasi cha kuwa yeye ndiye aliyeihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir. Na kitabu alichokiandika pamoja na Mathias Mnyampala wa Tanzania juu ya historia ya Kiswahili kilitoka mwaka 1977, baada ya yeye kufariki. Hakuna aliyemwambia Chiraghdin kwamba mashairi yale si yake. Kama angaliambiwa, nadhani angalicheka, kisha angalimsahihisha msemaji mizani.

Msichana wangu, ambaye babu yake alitoka Ukambani, alisikiliza habari hizo kwa makini. Alisema neno moja tu: "Basi yahitaji kusoma sana." Naam.

Baada ya kifungo Abdilatif hakukaa Kenya sana. Mwaka 1972 alikwenda Tanzania, akawa mtafiti katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huko alikaa mpaka mwaka 1979. Katika miaka hiyo tunamwona zaidi kama mhakiki. Dar es Salaam ilikuwa imewaka moto wa mabishano. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, diwani isiyofuata vina wala mizani, na wasomi vijana wakasema kwamba ushairi ni fikra na mdundo, si hesabu ya silabi. Wazee wa mapokeo wakajibu kwamba kisichokuwa na vina na mizani na kiitwe jina jingine. Abdilatif alikuwa upande wa mapokeo. Jambo hilo huwashangaza wanafunzi: mtu aliyekaidi serikali, mbona alikuwa mtiifu kwa kanuni za shairi? Nadhani yeye hakuziona kanuni hizo kuwa amri ya mtawala. Zilikuwa wasia wa wazee waliomlea. Walakini utiifu wake haukuwa wa kukariri. Ukiichunguza Sauti ya Dhiki utaona kwamba bahari zake si za namna moja, na mishororo yake hurefuka na kufupika kadiri ya jambo lenyewe. Mimi husoma Kezilahabi na Abdilatif katika wiki moja na sijapata madhara yoyote.

Kazi nyingine aliyoifanya katika miaka hiyo ni kufasiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, ambayo kwa Kiswahili aliiita Wema Hawajazaliwa. Mtu mkuu wa riwaya hiyo ni karani wa reli anayekataa rushwa katika nchi iliyokwisha pata uhuru, na jamaa zake wanamwona mjinga kwa kukataa. Mfasiri hachagui kitabu bila sababu. Mtu aliyeuliza mwaka 1968 ni wapi tunakokwenda, alikuta kwamba Mghana ameuliza swali lile lile mwaka ule ule ambao riwaya yake ilitoka. Kwa watoto wa wafanyakazi wa reli, kitabu hicho kina ladha ya peke yake.

Mwaka 1979 alihamia London kufanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na tangu mwaka 1986 mpaka 1994 alikuwa mhariri mkuu wa gazeti la Africa Events. Mwaka 1982, serikali ya Kenya ilipoanza tena kuwakamata waalimu wa vyuo na waandishi, alikuwa miongoni mwa Wakenya waliounda huko London kamati ya kudai wafungwa wa siasa waachiliwe. Kuanzia mwaka 1995 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, hata mwaka 2011. Sina mengi ya kusema juu ya miaka hiyo ya Ulaya, kwa sababu kazi ya mwalimu haionekani katika vitabu vyake. Huonekana katika wanafunzi wake.

Ila jambo moja nataka ulitazame. Kwa miaka mingi watu walimngoja atoe diwani nyingine kubwa kama ile ya kwanza. Badala yake alitumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuangalia maneno ya wengine. Mwaka 2011 kilitoka kitabu juu ya washairi wa kale wa Pemba, Kamange na Sarahani, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, naye Abdilatif ndiye mhariri wake. Kuhariri mashairi ya watu waliokwisha kufa ni kazi ya subira nyingi na sifa chache. Mhariri hupima kila neno, huuliza wazee, hulinganisha nakala, na kitabu kikitoka, msomaji humsifu aliyetunga. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell kwa fasihi ya Afrika, naye akawa mwenyekiti wa bodi yake. Mtu aliyepata tuzo ya kwanza ya taifa kwa mashairi ya gerezani sasa alikuwa akiongoza bodi ya tuzo ya wanaoandika mashairi na riwaya kwa Kiswahili.

Wiki moja baada ya maswali yale nilirudi darasani na majibu haya, lakini sikuyasoma yote. Nilimpa yule kijana wa nyuma sehemu ya Alii, na yule msichana sehemu ya Badi, nikawaambia wausome ule mnazi kwa sauti, ubeti kwa ubeti. Mwanzoni walijikwaa kwenye maneno ya Kimvita, na wenzao wakacheka. Walipofika katikati kicheko kilikwisha. Walipomaliza, safu ya mbele ilikuwa upande wa aliye juu, safu ya dirishani ilikuwa upande wa aliye chini, na mtoto mmoja alikuwa amesimama akidai kwamba hakuna mtu aliyeuliza ni nani aliyeupanda mnazi huo. Kengele ililia, garimoshi la mizigo likapita nyuma ya shule, na ilinibidi niwafukuze ili mwalimu wa hesabu apate kuingia.